Ridhaa iliyotangulia kifo: kisa cha wazazi na utafiti wa uvimbe wa shina la ubongo kwa watoto

Kati ya saratani zote za watoto, ni chache ambazo tiba yake imekwama mahali pamoja kwa muda mrefu kama ule uvimbe wa shina la ubongo ambao madaktari huutaja kwa herufi DIPG. Uvimbe huu huota ndani ya ponsi, kipande cha shina la ubongo ambacho kwa mtu mzima kina urefu wa takriban sentimita 2.5, na ambacho kinahusika na mwendo wa macho, misuli ya uso, kumeza, kusimama bila kuyumba na kwa sehemu kupumua. Huwapata zaidi watoto wa miaka mitano hadi kumi, na kwa Marekani peke yake hugundulika watoto kati ya 150 na 300 kila mwaka. Dalili zake huja kwa kasi, katika wiki chache tu: jicho moja linageukia ndani, mtoto analalamika kuwa anaona vitu viwiliviwili, anayumba anapopanda ngazi, mdomo unapinda upande mmoja, chakula kinampalia. Wazazi wengi huanzia kwa daktari wa macho, wakidhani mtoto anahitaji miwani.

Uchambuzi huu unafuatilia namna familia za watoto hao zilivyoingia katika utafiti wa ugonjwa huu na kuugeuza mwelekeo. Kawaida mchango wa wazazi katika utafiti hupimwa kwa fedha walizochangisha, na ni kweli kwamba fedha zilichangishwa. Hata hivyo, nikiutazama mfuatano wa matukio, naona kwamba jambo lililofungua njia lilikuwa jingine kabisa, na gumu zaidi kulitoa kuliko fedha.

Miaka ishirini bila kinyama

Rejista mbili za kimataifa za ugonjwa huu, moja yenye makao yake Cincinnati nchini Marekani na nyingine ya Ulaya, zilichapisha kwa pamoja takwimu zao mwaka 2018. Kati ya wagonjwa 1,008 waliochambuliwa, nusu walikuwa wamefariki ndani ya miezi 11 tangu ugonjwa ulipogunduliwa. Waliofikisha miaka miwili hawakutimia asilimia kumi, na waliofikisha miaka mitano walikuwa kama wawili katika kila mia. Tiba iliyothibitika kuwaongezea siku ni mionzi, ambayo hutolewa kwa muda wa wiki sita hivi, na faida yake ni ya muda tu: mtoto hupata nafuu, hurudi kucheza, pengine hurudi hata darasani, kisha baada ya miezi kadhaa dalili zinaanza upya. Mwaka 1961 binti mdogo wa Neil Armstrong, aliyekuwa wakati huo rubani wa ndege za majaribio, aligunduliwa kuwa na uvimbe wa shina la ubongo. Alipigwa mionzi, akapata nafuu fupi, akafariki Januari 1962 akiwa na umri wa miaka miwili. Miaka saba baadaye baba yake alikanyaga mwezi, ilhali tiba ya uvimbe huo ilibaki pale pale ilipokuwa, na ingebaki hapo kwa miongo mingi zaidi.

Sababu ya kwanza ya mkwamo huo ni maumbile ya uvimbe wenyewe. Seli za saratani hazikujikusanya kuwa donge ambalo daktari wa upasuaji angeweza kulizunguka na kulitoa. Zimepenya katikati ya nyuzi za neva zilizo hai, mfano wa chumvi iliyochanganyika na mchanga, na kuzikata seli hizo ni kukata pamoja nazo kile kinachomwezesha mtoto kupumua. Sababu ya pili ilitokana na uamuzi wa madaktari. Mwaka 1993 ripoti ya kundi la watafiti wa saratani za watoto nchini Marekani ilipendekeza kwamba picha za MRI zichukue nafasi ya kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, kwa kuwa picha zilitosha kuutambua ugonjwa na majibu ya kinyama yasingebadili tiba yoyote. Kwa mtoto mmoja aliyelala kitandani, pendekezo hilo lilikuwa na busara yake, kwani hakuna aliyetaka kutoboa fuvu la mtoto wa miaka sita ili apate jibu lisilomsaidia.

Kwa watoto wote waliokuja baada yake, pendekezo hilohilo lilifunga mlango. Kwa karibu miaka ishirini hospitali nyingi hazikuchukua kinyama, na maabara hazikuwa na tishu ya kuchunguza. Pasipo tishu, hakuna aliyejua ni jeni zipi zilizoharibika, na pasipo kujua hilo, watafiti waliazima dawa za watu wazima wenye uvimbe wa ubongo kwa kudhani kwamba ugonjwa ni ule ule. Temozolomide, ambayo tangu mwaka 2005 imekuwa sehemu ya tiba ya kawaida ya glioblastoma kwa watu wazima, ilijaribiwa kwa watoto hawa na haikuwaongezea maisha. Dawa nyingine ziliifuata na kuishia vivyo hivyo. Hapo mduara ukawa umekamilika: kinyama hakichukuliwi kwa sababu hakuna dawa inayotegemea majibu yake, na dawa haipatikani kwa sababu hakuna kinyama. Hakuna daktari aliyeweza kuuvunja mduara huo peke yake, kwa sababu maadili ya kazi yake yalimkataza kumhatarisha mtoto aliye hai kwa faida ya sayansi tu.

Kilichotolewa

Ufaransa walijaribu njia ya upasuaji. Katika hospitali ya Necker jijini Paris madaktari wa upasuaji wa ubongo waliendelea kuchukua kinyama cha shina la ubongo kwa sindano nyembamba inayoongozwa na vipimo, na mwaka 2007 walichapisha matokeo ya watoto 24. Hata hivyo vipande hivyo vilikuwa vidogo mno, na nje ya Paris wengi waliendelea kusita.

Njia ya pili ilipitia kwa wazazi. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, daktari na mtafiti Michelle Monje, ambaye aliukuta ugonjwa huu tangu akiwa mwanafunzi wa udaktari, alianza kuzungumza na familia juu ya uwezekano wa kutoa tishu ya uvimbe baada ya mtoto kufariki. Mwaka 2009 wazazi wa mtoto mmoja waliridhia. Seli zilizotolewa zilipowekwa katika maabara ziliendelea kuishi na kugawanyika, na mwaka 2011 Monje na wenzake walichapisha utafiti uliojengwa juu ya seli hizo. Kwa mara ya kwanza palikuwa na seli za ugonjwa huu ambazo mtu angeweza kuzijaribia dawa, kuzipandikiza kwa panya, na kuzituma kwa maabara nyingine. Si Stanford peke yake. Hospitali ya St. Jude mjini Memphis, hospitali ya watoto ya Toronto na watafiti wa Amsterdam nao walikuwa katika miaka hiyohiyo wakijenga utaratibu wa kukusanya tishu baada ya kifo.

Inafaa kuutazama utaratibu huo kwa karibu, kwa sababu ugumu wake uko katika mambo madogo. Fomu ya ridhaa husainiwa mapema, mara nyingi wiki au miezi kabla, wakati mtoto bado anazungumza. Wengi wa watoto hawa hufia nyumbani wakiwa chini ya huduma ya tiba shufaa, na kifo hakichagui saa. Ikitokea saa tisa usiku wa Jumapili, muuguzi anayeihudumia familia hupiga namba aliyopewa, gari linakuja kuuchukua mwili, na mtaalamu wa patholojia anaamshwa. Kila saa inayopita hupunguza uwezekano wa seli kuota, kwa hiyo shabaha ni kuifanya kazi yote ndani ya saa chache. Ubongo hutolewa kwa kufungua sehemu ya nyuma ya kichwa, penye nywele, ili uso ubaki kama ulivyokuwa na familia iweze kumuaga mtoto wao bila kuona alama. Sehemu ya tishu huwekwa katika majimaji baridi yenye virutubisho kwa ajili ya kuoteshwa, nyingine hugandishwa kwa ajili ya kusomwa jeni, nyingine hutiwa formalini. Kisanduku chenye barafu husafirishwa kwa haraka, pengine kwenda mji mwingine kabisa, na mwili hurudishwa kwa wafiwa.

Mtu anaweza kudhani kwamba wazazi walilazimika kushawishiwa. Mara nyingi mambo yalikuwa kinyume: waliouliza kwanza ni wazazi wenyewe, na walioogopa ni madaktari. Utafiti uliofanywa St. Jude na kuchapishwa mwaka 2013 uliwauliza wazazi waliofiwa juu ya namna na wakati wa kulizungumzia jambo hili, na moja ya mafunzo yake ni kwamba mazungumzo hayafai kuachwa hadi dakika ya mwisho. Wahudumu walihofia kuzidisha uchungu. Hofu hiyo inaeleweka, lakini naona kwamba ndani yake kulikuwa na kosa la kumwamulia mzazi kile anachoweza kukibeba. Mzazi aliyekwisha kuambiwa kwamba mtoto wake atafariki ndani ya mwaka amelisikia neno zito kuliko yote. Kuulizwa kama angependa tishu ya uvimbe huo itumike si zito kulizidi hilo. Kumficha swali, kwa upande mwingine, ni kumnyima nafasi ambayo haitarudi. Kijana mmoja wa Marekani mwenye uvimbe wa ubongo wa aina nyingine, medulloblastoma, alipanga mwenyewe akiwa hai kwamba mwili wake utumike kwa utafiti; wazazi wake waliendesha baadaye, kupitia shirika la Swifty Foundation, mpango uitwao Gift from a Child, unaoziwezesha hospitali kuwa na waratibu wanaoziongoza familia katika hatua hizi zote ili mzazi asilazimike kupiga simu huku na huku siku ya msiba.

Wapo wazazi waliokataa, na hakuna cha kuwalaumu. Mchango wa hiari unabaki wa hiari pale tu ambapo kukataa hakuna gharama.

Msomaji wa Mombasa au Unguja atakuwa amekwisha kujiuliza jambo hili lingepokelewaje katika jamii ambamo maiti huzikwa siku hiyohiyo na kuukata mwili ni jambo la kuombewa fatwa. Kwa upande wa muda, utaratibu wenyewe haugongani na maziko ya haraka, kwa sababu nao unakimbizana na saa. Ugumu ungekuwa katika kuaminiana, na historia ya Afrika Mashariki katika utafiti wa saratani za watoto inatoa sababu ya kuliuliza hilo kwa uangalifu. Uvimbe wa taya ambao daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliueleza akiwa Kampala mwaka 1958 ndio uliomfikisha mtafiti wa London Anthony Epstein na wenzake kwenye kirusi kilichotangazwa mwaka 1964, ambacho leo huitwa Epstein-Barr. Vipande vya uvimbe vya watoto wa Uganda vilipelekwa London kwa ndege, na kimoja kilichochelewa kwa sababu ya ukungu ndicho kilichowapatia seli zilizoota. Masimulizi ya ugunduzi huo huwataja madaktari, huitaja ndege na ule ukungu, na ni nadra sana kukuta yamewataja wazazi. Tofauti ya kisa cha DIPG ni kwamba wazazi walikaa mezani tangu mwanzo wakijua wanatoa nini na kwa ajili ya nani, na waliobaki mezani walianza kuuliza maswali.

Tishu ilisema nini

Mwaka 2012 makundi mawili, moja la St. Jude pamoja na Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, na jingine lililoongozwa na Nada Jabado wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada kwa kushirikiana na watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, yalichapisha ugunduzi uliofanana. Katika takriban asilimia 80 ya uvimbe wa DIPG kulikuwa na badiliko moja katika jeni za histoni, yaani protini ambazo DNA huzungushiwa kama uzi kwenye kigurudumu: katika nafasi ya 27, asidi amino iitwayo laisini imeondoka na methionini imekaa mahali pake. Kabla ya hapo hakuna aliyetarajia kwamba histoni zenyewe zingeweza kuwa chanzo cha saratani ya binadamu. Mwaka uliofuata ilielezwa namna badiliko hilo linavyofanya kazi. Histoni iliyoharibika hukiziba kimeng'enya kinachoweka alama za kuzifunga jeni, hivyo jeni ambazo zilipaswa kuwa zimelala katika ubongo unaokua hubaki wazi. Mwaka 2014 jeni nyingine, ACVR1, ilionekana kuharibika katika kadiri ya robo au moja ya tano ya watoto hawa, na ikawa ni jeni ileile ambayo hitilafu yake ya kurithi husababisha ugonjwa adimu unaogeuza misuli kuwa mifupa.

Maana ya matokeo hayo ilikuwa wazi na yenye kuumiza. Ugonjwa huu haukuwa ule wa watu wazima, na miaka yote ya kuazima dawa ilitumika juu ya dhana isiyo sahihi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliutambua rasmi kwa jina jipya linalotaja badiliko lenyewe la histoni, pamoja na uvimbe wa aina hiyo unaoota katika maeneo mengine ya katikati ya ubongo na uti wa mgongo.

Lipo pia tokeo jingine ambalo halizungumzwi sana, nami nalihesabu kuwa muhimu zaidi kwa mgonjwa. Kwa kuwa familia zilitoa ubongo mzima, watafiti waliweza kuchukua sampuli kutoka sehemu nyingi za uvimbe uleule na kuzilinganisha, jambo lisilowezekana kwa kipande cha sindano. Waligundua kwamba badiliko la histoni lipo kila mahali uvimbe ulipofika, hata mbali na ponsi, wakati mabadiliko mengine hutofautiana kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kwa lugha ya kitandani, hii ina maana kwamba kipande kidogo cha kinyama kutoka kwa mtoto aliye hai kinatosha kuaminika kwa swali hilo kuu. Hoja ya mwaka 1993 iliporomoka kwa pande zote mbili: sasa kulikuwa na kitu cha kutafuta, na Necker walikuwa wamekusanya hadi watoto 130 waliochukuliwa kinyama bila hata mmoja kufariki kwa sababu hiyo. Ulaya ikaanzisha jaribio la BIOMEDE chini ya uongozi wa Gustave Roussy, hospitali ya saratani nchini Ufaransa, ambamo kila mtoto alichukuliwa kinyama kwanza ndipo akapangiwa dawa. Watoto waliokwisha kufa ndio waliowafungulia walio hai njia ya kupimwa.

Fedha, haraka na makosa

Ni baada ya kuyaona hayo ndipo suala la fedha linapopata nafasi yake sahihi. Familia zilizofiwa zilikuwa zimeanzisha mifuko mingi midogo, kila mmoja ukiwa na jina la mtoto, matembezi yake ya hisani na orodha yake ya wafadhili. Mfuko mmoja mmoja hauwezi kugharimia jaribio la dawa. Shirika la The Cure Starts Now, lililoanzishwa Cincinnati mwaka 2007 na wazazi waliofiwa na binti yao, lilichangia kuiunganisha mifuko hiyo katika umoja uitwao DIPG Collaborative, na umoja huo ndio uliogharimia rejista ya Cincinnati iliyotajwa mwanzoni. Rejista si kitu cha kuvutia wafadhili, kwani haina picha ya mtoto anayetabasamu wala darubini. Nadhani ni mzazi tu aliyewahi kuuliza "je, kuna mtoto yeyote aliyepona?" na kukosa jibu anayeweza kushawishika kwamba orodha iliyotunzwa vizuri ina thamani kuliko dawa moja ya kubahatisha.

Fedha za mifuko ya namna hiyo zilisaidia pia utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ambamo maabara za nchi kadhaa zilijaribu dawa 83 juu ya makundi 16 ya seli zilizooteshwa kutokana na tishu za wagonjwa. Panobinostat, dawa ya saratani ya damu, ilijitokeza mbele. Ikapelekwa kwa watoto, na kwa watoto haikufua dafu: madhara yalikuwa makubwa, faida haikuonekana. Seli zilizo katika sahani ya maabara hazina ukuta unaozuia dawa kuingia katika ubongo, na ukuta huo ndio uliozishinda dawa nyingi.

Hapa ndipo ushawishi wa familia unapoonyesha upande wake wa pili. Mzazi ambaye mtoto wake amebakiwa na miezi tisa hawezi kusubiri matokeo ya miaka mitano. Kliniki moja mjini Monterrey, Mexico, iliwapokea watoto kutoka Uingereza, Australia na kwingineko kwa matibabu ya kupitisha dawa kwenye mshipa wa damu unaoelekea shina la ubongo, na familia zililipa mamia ya maelfu ya dola zilizokusanywa kwa michango ya umma. Madaktari wa nje waliomba takwimu za matokeo bila kuzipata kwa namna inayoweza kukaguliwa. Kila mtoto aliyekwenda huko alitoweka katika hesabu ya utafiti, na fedha zilizokusanywa kwa ajili ya mmoja zilitosha kugharimia kazi ya maabara kwa mwaka mzima au zaidi. Ni rahisi kulisema hilo kwa mtu asiye na mtoto mgonjwa. Kwa mtazamo wangu lawama haimstahili mzazi, inamstahili anayepokea malipo bila kutoa hesabu.

Kisa cha ONC201 ni kigumu zaidi kuhukumu. Dawa hii, ya kumeza, ilianza kuonyesha dalili za kuwasaidia baadhi ya wagonjwa wenye badiliko la histoni, na kabla majaribio hayajafika mbali familia za nchi mbalimbali zilianza kuinunua Ujerumani nje ya utaratibu wa utafiti. Katika hali ya kawaida jambo hilo huvuruga sayansi, kwa sababu hakuna anayefuatilia kipimo, muda wala matokeo. Lakini miongoni mwa wazazi alikuwamo Matt Dun, mtafiti wa biokemia katika Chuo Kikuu cha Newcastle nchini Australia, ambaye kazi yake ilikuwa juu ya saratani ya damu hadi binti yake alipogunduliwa kuwa na DIPG mwaka 2018. Dun aliigeuza maabara yake, akaipima dawa iliyokuwa ikinunuliwa na familia, akachunguza kwa nini nguvu yake hupungua baada ya muda, na kuonyesha kwamba ikiunganishwa na dawa nyingine, paxalisib, hufanya kazi zaidi. Binti yake alifariki mwaka 2019. Mchanganyiko huo uliingizwa katika jaribio la kimataifa la PNOC, muungano wa watafiti wa uvimbe wa ubongo wa watoto. Pale ambapo wazazi walikuwa tayari wanatembea nje ya njia, mzazi mwenzao aliandika kile walichokuwa wakikifanya na kukirudisha ndani ya utafiti.

Mahali mambo yalipofikia

Njia nyingine iliyozaliwa na tishu zilizotolewa ni ya kinga ya mwili. Watafiti wa Stanford walizichunguza zile seli zilizooteshwa na kukuta juu yake molekuli iitwayo GD2 kwa wingi usio wa kawaida, na mwaka 2018 walionyesha kwa panya kwamba seli T, ambazo ni askari wa kinga ya mwili, zilizobadilishwa jeni ili ziitambue GD2 huweza kuusafisha uvimbe. Jaribio kwa wagonjwa lilifunguliwa mwaka 2020. Seli T za mgonjwa mwenyewe hutolewa, hubadilishwa, hurudishwa kwa njia ya mshipa na baadaye moja kwa moja ndani ya majimaji ya ubongo, chini ya uangalizi mkali kwa sababu kuvimba kidogo tu ndani ya ponsi kunaweza kuua. Taarifa ya Novemba 2024 ilihusu wagonjwa 11: tisa walipata nafuu ya namna fulani, wanne uvimbe wao ulipungua kwa zaidi ya nusu, na mmoja uvimbe ulitoweka katika picha, naye alikuwa mzima miaka minne baada ya kugundulika. Huyo ni mmoja, na wagonjwa 11 ni wachache. Lakini katika ugonjwa ambao kwa miongo kadhaa taarifa zake zilihusu namna ya kushindwa, hata mmoja ni habari.

ONC201, ambayo sasa jina lake ni dordaviprone, iliidhinishwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani tarehe 6 Agosti 2025 kwa wagonjwa wa kuanzia mwaka mmoja ambao uvimbe wao una badiliko la histoni na umerudi baada ya tiba. Ni dawa ya kwanza kuidhinishwa kwa kundi hili la uvimbe. Idhini ni ya haraka, yenye masharti, na imetegemea wagonjwa 50, ambao asilimia 22 kati yao uvimbe ulipungua kwa kiwango kinachohesabika. Wengi waliosherehekea habari hiyo hawakuona kipengele kimoja katika maelezo yake: wagonjwa wenye DIPG hawakuwamo katika hao 50, kwa sababu uvimbe uliotapakaa ndani ya ponsi haupimiki vizuri kwa rula ya picha inayotumika kuhesabu kupungua. Jaribio kubwa la ACTION, linaloilinganisha dawa hiyo na kidonge kisicho na dawa kwa wagonjwa wapya, nalo limewaweka kando wagonjwa hao. Mtoto mwenye DIPG anaweza kuandikiwa dawa iliyotokana na kuujua ugonjwa wake, ilhali uvimbe kama wake haukuhesabiwa katika ushahidi ulioipatia dawa hiyo idhini.

BIOMEDE 2.0, iliyoanza mwaka 2022 chini ya uongozi wa Gustave Roussy, imewajumuisha. Inailinganisha ONC201 na dawa nyingine, everolimus, kila mtoto akichukuliwa kinyama kwanza, na mashirika ya wazazi wa Ufaransa ni miongoni mwa waliochangia gharama zake. Kigezo chake ni muda wa kuishi badala ya ukubwa wa kivuli katika picha, na hicho ndicho kipimo ambacho mzazi yeyote wa mtoto mwenye DIPG angekichagua kama angeulizwa tangu siku ya kwanza.